Programu ilisema nyuzi 32, darasa likasoma 35: kosa liko wapi?

Swali: "Mimi ni mhandisi kijana wa Dar es Salaam. Tumejenga madarasa manne Mbagala, bila kiyoyozi. Kila darasa ni mita 9 kwa 7, dari liko mita 3 juu, kuta ni za bloku, bati ni la maruni, na chini yake kuna dari la jipsamu. Kila upande mrefu una mita 6 za mraba za madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yenye wavu wa mbu. Kabla ya ujenzi nilitengeneza modeli kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayokadiria joto la majengo, nayo ikaonyesha kwamba mchana wa Februari ndani hapatapita nyuzi 32. Sasa watoto 45 wameingia na vipimajoto vinasoma 35 saa nane mchana. Nimebadilisha aina ya tofali na unene wa kuta kwenye modeli, lakini namba haisogei. Nimekosea wapi? Na mwenye shule nimwambie nini?" Aliyeuliza ametuma pia faili la modeli na picha za jengo.

Jibu:

Ndugu yangu mhandisi, achana na kuta. Kosa lako kubwa liko kwenye upepo, na linalofuata liko juu ya vichwa vya watoto. Modeli yako inaamini kwamba kila sekunde darasa linapitiwa na hewa mita za ujazo 10. Nikikokotoa kwa mkono kutokana na picha zako, napata kama nusu mita. Modeli ikikosea hewa mara ishirini haiwezi kukupa joto sahihi, hata uielezee tofali kwa usahihi gani.

Tuanze na mzigo wa joto, maana ndio utakaoonyesha kwa nini kuta hazikusaidii. Chukua saa nane mchana, nje nyuzi 31. Katika joto kama hilo mtoto aliyekaa hutoa takriban wati 55 zinazopasha hewa na vitu vilivyomzunguka. Joto lake lingine huondoka na jasho kama mvuke. Watoto 45 wanakupa wati 2,500 hivi. Sasa bati. Jua la Februari Dar es Salaam liko karibu utosini: latitudo ya jiji ni takriban 6.8 kusini, na jua hupita wima juu yetu mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Weka wati 900 kwa kila mita ya mraba, bati linalonyonya 0.7 ya mwanga huo, na upoaji wa nje wa wati 20 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Toa nyuzi 4 kwa joto ambalo bati hurudisha angani. Bati linafanya kazi kama vile nje ni nyuzi 58. Jipsamu tupu pamoja na nafasi ya hewa iliyo juu yake hupitisha kama wati 2.2 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, kwa hiyo dari linashusha wati 60 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa mita 63, unapata wati 3,800. Yaani joto la jua linaloshuka kupitia bati linazidi hata joto la darasa zima la watoto. Kuta zako zina kivuli cha upenu mpana, nazo pamoja na madirisha nazikadiria wati 1,000. Jumla ni 7,300.

Tazama mgawanyo huo, utaelewa kwa nini namba haikusogea. Ulikuwa unahangaika na sehemu ndogo kuliko zote.

Joto hilo lazima liondoke, na katika jengo lisilo na mashine linaondoka hasa na hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba karibu juli 1,200 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kwa hiyo gawanya mzigo kwa 1,200, kisha gawanya tena kwa mtiririko wa hewa, unapata tofauti kati ya ndani na nje. Kwa mita 10 kwa sekunde, wati 7,300 zinapandisha chumba kwa nyuzi 0.6 tu. Ndiyo maana programu ilikuridhisha kwa kusema "chini ya 32". Iliona darasa lililo sawa na banda wazi.

Sasa twende hatua kwa hatua tuone hizo mita 10 zilitoka wapi. Mtiririko unaosukumwa na upepo kupitia madirisha ya pande mbili ni zao la vitu vinne: mgawo wa tundu (namba ya jinsi tundu linavyopitisha hewa), ambao kwa kawaida ni 0.6, eneo halisi la matundu, mzizi wa mraba wa tofauti ya migawo ya msukumo (namba za jinsi upepo unavyousukuma au kuuvuta kila ukuta) kati ya upande wa upepo na upande wa pili, na kasi ya upepo mbele ya dirisha. Umeandika eneo la mita 6 kila upande. Lakini dirisha la kusukuma halifunguki lote, kioo kimoja daima kinabaki nyuma ya kingine. Tundu lako ni mita 3. Hapo hapo 10 imekuwa 5.

Halafu kasi. Faili la hali ya hewa ulilotumia linatokana na vipimo vya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na upepo wa stesheni za namna hiyo hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali peupe. Kwenye modeli umeacha mazingira kuwa uwanda wazi. Upepo wa mita 5 kwa sekunde uwanjani, programu ikiushusha hadi mita 3 juu ya ardhi kwa kanuni zake, unabaki 4.2. Ungechagua mazingira ya vitongoji ungekuwa 2.7. Ungechagua mji uliosongamana, 1.5. Mbagala uliyonionyesha kwenye picha, nyumba bega kwa bega na ukuta wa uzio mita chache kutoka dirishani, ni hiyo ya mwisho. Mtiririko unashuka kutoka 5 hadi 1.8.

Migawo ya msukumo ndiyo wengi hawaigusi kabisa, nami ningependa uiogope. Ukiiachia programu iikokotoe yenyewe, hutumia kanuni zilizotokana na majengo mafupi yaliyosimama peke yake: upande wa upepo kama 0.6, upande wa pili hasi 0.3, tofauti 0.9. Jengo lililozungukwa na mengine yenye urefu sawa halioni kitu kama hicho. Upepo huruka juu ya mapaa, na tofauti kati ya pande mbili huwa 0.2 au pungufu. Kwa kuwa tunachukua mzizi, athari si mara nne na nusu bali mara mbili na kidogo. Umebaki na 0.85. Kisha wavu wa mbu. Wavu wenye matundu madogo, ukiongeza vumbi la miezi michache, unakata karibu nusu ya hewa. Umefika 0.42. Ongeza kidogo kinachosukumwa na joto lenyewe, hewa ya moto kutokea sehemu ya juu ya dirisha na ya baridi kuingilia chini, tuseme jumla ni 0.5.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyo ya ajabu. Kila moja peke yake ungeweza kuisamehe. Lakini zinazidishana, na zote zinavuta upande mmoja, upande wa kukufurahisha. Ndiyo hatari ya kazi hii: mbunifu anapotaka jengo lake lipoe, karibu kila thamani ambayo programu inajiwekea yenyewe inamuunga mkono.

Ukigawanya 7,300 kwa mtiririko wa 0.5 utapata nyuzi 12 juu ya nje, yaani darasa la nyuzi 43. Bila shaka halifiki huko. Kadiri hewa inavyopanda, kuta za bloku na sakafu ya zege, ambazo zilipoa kidogo usiku, hunyonya joto, na dari lenyewe hushusha joto pungufu. Kwa chumba cha ukubwa wako nakadiria nyuso hizo zinanyonya wati 675 kwa kila nyuzi ambayo hewa imepita wastani wa siku nzima wa chumba, ambao nauweka 30. Ukiweka hilo kwenye mizani pamoja na hewa, chumba kinasimama kati ya 35 na 36. Vipimajoto vyako vinasema 35. Sidai hesabu ya nusu ukurasa inaipita programu, bali kwamba ungeifanya kabla ya kufungua programu, ile 32 ingekushtua siku ya kwanza.

Kuhusu kuta, umeuliza kwa nini unene hausaidii wakati vitabu vinasifu majengo mazito. Vitabu hivyo mara nyingi vinazungumzia mahali ambapo usiku ni baridi kweli. Jengo la Eastgate kule Harare, la msanifu Mick Pearce, lililofunguliwa mwaka 1996, linasifiwa sana kwa kupoza zege usiku. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya usiku ya Eastgate inasukumwa na feni. Dar es Salaam ya Februari inacheza kati ya nyuzi 25 alfajiri na 32 mchana, nyuzi saba tu, na bahari yenye maji ya moto haiachi usiku upoe. Isitoshe, niambie: saa kumi na moja jioni mlinzi hafungi madirisha? Kama anayafunga kwa usalama, zege lako halipati hata hizo nyuzi saba. Ratiba ya madirisha kwenye faili lako inasema yako wazi saa 24. Ibadilishe ifuate funguo za mlinzi, utaona asubuhi ya modeli inapanda na kusogelea asubuhi ya kweli.

Ukitaka mfano unaokufaa zaidi, tazama shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, kazi ya Francis Kéré, iliyokamilika mwaka 2001. Bati limeinuliwa juu, mbali na dari la tofali za udongo, na hewa inapita katikati bila kizuizi. Joto la bati linapeperushwa kabla halijashuka darasani. Wewe umeziba pembeni kote kwa mbao za fasha, zile za ukingoni mwa paa, kwa hiyo hewa iliyo juu ya jipsamu inachemka mahali pamoja.

Kuna mambo mawili ya bati ya kukagua kwenye modeli. EnergyPlus, usipoiambia chochote, hudhani kila uso unanyonya 0.7 ya mwanga wa jua na kutoa mionzi ya joto kwa 0.9. Kwa bati la maruni lililopakwa rangi hauko mbali sana. Lakini siku ukitumia bati jipya la zinki tupu, hiyo 0.9 ni kosa kubwa, kwa sababu zinki inayong'aa hutoa mionzi kidogo mno na hubaki na joto lake. La pili ni kipimo unacholinganisha. Dari lako mchana linapita nyuzi 40, nalo linawamulika watoto. Kipimajoto kinachoning'inia karibu nalo bila kinga kinapokea mionzi hiyo na kusoma juu ya joto la hewa. Kama vipimajoto vyako viko juu ya mstari wa kichwa au vinapigwa na jua la dirishani, sehemu ya zile nyuzi tatu si ya hewa. Vishushe hadi mita 1.1, uvitie ndani ya kinga nyeupe inayopitisha hewa. Kisha ongeza kimoja ndani ya tufe jeusi, ili upime mionzi kwa makusudi badala ya kuichanganya na hewa bila kujua.

Sasa namna ya kuirekebisha modeli. Usiguse vitu vyote kwa pamoja mpaka mstari wa modeli ulale juu ya mstari wa vipimo. Ukifanya hivyo utapata mlingano mzuri uliojengwa juu ya makosa yanayofutana, na modeli itakusaliti siku utakapoibadilishia paa. Nenda kwa kutenganisha. Wikendi moja, shule ikiwa tupu, funga madirisha yote. Hapo hakuna watoto na hewa ni ile ya nyufa tu, kwa hiyo kinachobaki ni bati, dari, kuta na sakafu. Rekebisha hivyo peke yake, hasa bati, mpaka modeli ifuate kupanda na kushuka kwa siku nzima. Wikendi ya pili, chumba kikiwa bado kitupu, fungua madirisha. Tofauti yoyote mpya ni ya upepo: rekebisha mazingira, migawo na eneo la matundu, na mahali pengine usiguse. Mwisho kabisa waingize watoto. Kama una kipima hewa ya kaboni dioksidi, kipindi hicho kitakusaidia sana. Kasi ambayo gesi hiyo inashuka watoto wakienda mapumziko inakuambia mtiririko wa hewa moja kwa moja, bila kupitia kanuni yoyote ya upepo.

Kwa kazi hiyo usitumie faili la mwaka wa kawaida. Faili la namna hiyo limeunganishwa kwa miezi iliyochaguliwa kutoka miaka tofauti, na Februari iliyomo si Februari uliyopima. Weka kipimajoto cha nje, kivulini, upande ambao hewa inaingilia. Hewa ya uwanja wa shule uliosakafiwa mara nyingi ina joto kuliko ya uwanja wa ndege, na hiyo ndiyo inayoingia darasani. Upepo na mvua unaweza kuviomba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukiweza pima na jua, kwa sababu katika mafaili mengi ya stesheni za kwetu mionzi ya jua haikupimwa, ilikadiriwa kutokana na mawingu. Jihadhari na saa pia. Mwezi Februari jua hufika juu kabisa Dar es Salaam yapata saa sita na dakika 37. Kilele cha jua kwenye faili lako kikiwa mbali na hapo, saa za faili zimeteleza, na utakaa wiki nzima ukilisingizia zege.

Usipime usahihi kwa asilimia. Naona umeandika kwamba kosa ni "asilimia 9". Kosa la nyuzi 2 ni asilimia 10 chumba kikiwa 20, ni chini ya 6 kikiwa 35, na ukihesabu kwa kelvini halifiki hata asilimia moja. Sema kosa kwa nyuzi: wastani wake, ili ujue modeli inaegemea wapi, na ukubwa wake wa saa kwa saa. Chini ya nyuzi moja saa kwa saa ni kazi nzuri. Ila angalia pia saa ya kilele. Modeli yenye wastani safi inayofika kileleni saa kumi wakati darasa linafika saa nane ina kosa kwenye uzito wa jengo au kwenye jua.

Tuje kwa mwenye shule. Atakuuliza kama 35 ni nyingi, na anastahili namba. Kwa majengo yanayotegemea madirisha, kiwango cha Marekani cha ASHRAE 55 kinakadiria joto la starehe kwa kuzidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31 na kuongeza 17.8. Februari ya Dar es Salaam, kwa wastani wa 28, inatoa 26.5, na watu wengi huvumilia hadi nyuzi 3.5 juu yake, yaani 30. Feni zikipeleka hewa mita 1.2 kwa sekunde mwilini, kikomo kinapanda kwa 2.2 na kufika 32.2. Vipimo vilivyozaa kanuni hiyo vilikusanywa hasa kwa watu wazima maofisini, kwa hiyo kwa watoto waliobanana madawatini nisingeinyoosha zaidi ya hapo. Tena kinacholinganishwa na kikomo hicho si hewa peke yake, ni hewa pamoja na mionzi ya lile dari. Darasa lako limepita kikomo, na ni haki mwenye shule aambiwe wazi.

Mwambie pia kwamba jengo halihitaji kiyoyozi bado. Bati lipakwe rangi nyeupe: likinyonya 0.3 badala ya 0.7, zile wati 3,800 zinakuwa 1,300 hivi. Mbao za fasha zitobolewe pande zote mbili, matundu yawekewe wavu wa kuzuia popo. Madirisha ya kusukuma yabadilishwe yawe ya kufunguka yote, na wavu uoshwe kila muhula. Kwa bati jeupe peke yake, mizani yangu inashuka hadi karibu nyuzi 33.9. Ukiongeza maradufu ya hewa, inakuja karibu 33, na dari halitawaunguza tena watoto. Hapo feni nne za dari, kila moja yenye wati 70 hivi, zinamaliza sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Saa nane mchana ya Februari itabaki juu kidogo ya kikomo, usimfiche hilo. Kama ratiba ya shule inaruhusu, miezi ya kaskazi masomo yaanze saa moja asubuhi na vipindi vizito viishe kabla ya saa saba. Kazi ya bati ifanyike likizo ya Desemba, kabla ya Februari nyingine. Acha darasa moja kati ya manne bila rangi mpaka Machi, ukipima yote manne kwa wakati mmoja, ili tofauti uisome chini ya jua lile lile na upepo ule ule.